Mchwa Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kuwagundua na Kuwazuia kwa Wakazi wa Mwanza na Kando ya Ziwa

Kumbikumbi wakitoka kwenye kichuguu cha shambani, watoto huchukua beseni na jioni kuna kitoweo. Wakitoka kwenye ufa ulio nyuma ya kabati la sebuleni, habari ni nyingine kabisa. Hao hawakuletwa na mvua. Kundi la mchwa huchukua miaka kadhaa kukua mpaka litoe wenye mabawa, kwa hiyo wamekuwa chini ya sakafu yako, au jirani nayo, muda wote huo. Mvua imewatoa tu nje ukawaona.

Mwongozo huu unamhusu anayejenga kidogo kidogo kule Buswelu, Kisesa au Buhongwa, na pia mwenye nyumba ya siku nyingi pale Isamilo au Kirumba ambaye fremu ya mlango imeanza kubonyea. Jambo moja litajirudia humu: mchwa wa kwetu anatoka ardhini, na anashinda kwa kujificha. Ukimlazimisha apite mahali unapoona, umemaliza zaidi ya nusu ya kazi. Dawa ina nafasi yake, na vipimo vyake vipo hapa chini, lakini kuipiga kwenye nyumba iliyojaa maficho ni kutupa hela.

Umjue kwanza

Kundi lina malkia anayetaga maelfu ya mayai kwa siku, mfalme wake, askari wenye vichwa vikubwa, na vibarua. Nyumba inaliwa na vibarua. Ngozi yao ni laini, na jua au upepo mkavu huwamaliza haraka, ndiyo maana hawatembei hadharani. Hujenga vijia vya tope, yaani udongo uliochanganywa na mate, na kupita ndani yake kutoka ardhini hadi kwenye mbao. Mchwa wa vichuguu vikubwa hawaishii kula: mabaki ya mimea wanayoyabeba huyafanya bustani ya ukungu chini ya ardhi, na ule uyoga mtamu unaochipua kichuguuni baada ya mvua unatoka kwenye bustani hiyo hiyo.

Wanachohitaji ni udongo, unyevu, na kitu chochote chenye asili ya mti au majani: mbao, maboksi, vitabu, magunia ya katani, nyasi kavu, hata karatasi iliyobandikwa juu ya bodi ya jipsamu. Saruji hawaili. Wanapita tu kwenye nyufa zake, na baadhi yao hutosheka na ufa wenye unene wa kadi ya benki.

Hapa Mwanza kuna faraja moja ya uongo: "Mimi nimejenga juu ya mwamba." Ni kweli mwamba hauliwi. Lakini kati ya jiwe na jiwe kuna udongo, na msingi wa mawe ambao fundi hakuujaza vizuri kwa saruji una vichochoro vya kutosha kundi zima. Zaidi ya hapo, nyumba nyingi za mlimani, kuanzia Mabatini hadi Igogo, zimekatwa kwenye mteremko. Mbele utaona ngazi na msingi mrefu, lakini nyuma udongo umegota ukutani, pengine juu kuliko sakafu ya ndani. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya mlimani ndio mlango mkuu wa mchwa, nao ndio ukuta ambao hakuna anayeupitia.

Ni mchwa kweli?

Kabla ya kununua chochote, hakikisha unapigana na adui mwenyewe. Sisimizi pia huota mabawa na kuruka msimu huo huo wa mvua. Mshike mmoja umwangalie. Kumbikumbi ana mabawa manne yanayolingana urefu, kiuno kinene, na vipapasio vilivyonyooka. Sisimizi ana kiuno chembamba kama kimefungwa uzi, vipapasio vilivyopinda, na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Wale wadudu wa ziwani wanaotanda juu ya maji kama moshi na kujaa kwenye taa za Capri Point hawana uhusiano wowote na mbao zako.

Kumbikumbi waliovutwa na taa ya barazani si ushahidi wa kitu. Ushahidi ni mabawa yaliyorundikana ndani, chini ya dirisha lililokuwa limefungwa. Maana yake walitokea ndani na walikuwa wanatafuta njia ya kutoka.

Kuna unga. Ukiona unga laini chini ya kiti au kitanda, na kwenye mbao kuna vitundu vya mviringo vilivyo safi, huyo ni bungua, na dawa ya ardhini haitamgusa. Tibu au tupa samani yenyewe. Ukikuta vipunje vikavu, vidogo kuliko ulezi, vimemwagika kama kilima kidogo mahali pamoja bila tope lolote, ni mchwa wa mbao kavu, ambaye huishi ndani ya ubao wenyewe bila kugusa ardhi. Huyo ni msumbufu zaidi pwani, ila husafiri na fanicha za kununua. Mchwa wa ardhini alama yake ni tope, na mbao zilizoliwa naye hukutwa zimejaa udongo kwa ndani. Nyigu naye hubandika tope ukutani, lakini lake ni bonge lenye matundu, halina mstari unaopanda kutoka chini.

Kagua kwa mpangilio

Chukua tochi yenye mwanga mkali, bisibisi, chaki na ngazi. Vaa nguo za kazi. Nyumba ya vyumba vitatu haimalizi asubuhi moja.

Anza nje. Zunguka nyumba nzima ukiwa umeinama, macho kwenye mstari ambapo ukuta unakutana na ardhi. Unatafuta vijia vya tope, upana wake kama wa penseli au zaidi kidogo. Sogeza kila kilichoegemezwa ukutani: mabati chakavu, matofali yaliyobaki, kuni, mirunda ya ujenzi, ngazi ya mbao. Kwenye nyumba iliyojengwa kugusa jiwe kubwa, mulika pale jiwe na ukuta vinapokutana. Kijia cha tope juu ya mwamba hufanana rangi na uchafu wa mvua, kwa hiyo pitisha kidole. Kijia kina uvimbe na kinamomonyoka.

Pita kwenye mabomba. Kila mahali bomba la maji au la choo linapoingia ukutani au sakafuni ni kitobo kilichochimbwa na fundi na mara nyingi hakikuzibwa. Angalia chini ya tanki la maji, kwenye bomba linalovuja, na mahali maji ya bafuni yanapomwagika.

Halafu ingia ndani, uende na fremu za milango. Hizo ndizo hutangulia kuliwa kwa sababu miguu yake mara nyingi imezama kwenye zege la sakafu, na mingine imefika hadi kwenye kifusi. Gonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini kwenda juu. Ubao mzima una mlio mzito. Ulioliwa unalia kama debe tupu. Penye mlio huo bonyeza kwa ncha. Ikizama bila upinzani, umepata. Rangi isikudanganye: mchwa hula ubao wote na kuacha ngozi nyembamba iliyoshikwa na rangi, na mwenye nyumba huja kujua siku bawaba zinapong'oka.

Vuta makabati. Fungua stoo, nyanyua magunia ya mahindi na maboksi ya vitabu yaliyokaa sakafuni tangu mwaka juzi. Mlango au dirisha la mbao ambalo ghafla linakwama linaweza kuwa limevimba kwa unyevu wa mchwa na si wa mvua. Rangi ya ukutani iliyoinuka kama malengelenge, ikichomwa ikatoa udongo, haina haja ya maelezo zaidi.

Malizia darini. Watu wengi hawapandi huko mpaka bati limebonyea. Kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, hushambuliwa pale zinapolala juu ya ukuta, kwa kuwa mchwa hupanda ndani ya ukuta wa tofali za tope, au katikati ya lipu na tofali, bila kuonekana kabisa. Mulika vichwa vyote vya kenchi, papi zinazopigiliwa bati, na fisha bodi ya ukingoni mwa paa. Kanyaga kenchi, usikanyage dari.

Ukikuta kijia, usikifute chote kwa hasira. Bomoa kipande cha katikati, sentimita tatu hivi, kisha andika tarehe ukutani kwa chaki na uondoke. Rudi baada ya siku mbili au tatu. Kikiwa kimezibwa kwa tope bichi, kundi lipo kazini. Kikibaki wazi, kagua tena baada ya wiki, kwa sababu inawezekana wamebadilisha njia.

Kama hujajenga bado

Una bahati, maana kazi ya sasa itakugharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya kubadilisha kenchi baadaye.

Safisha kiwanja mpaka chini. Kisiki cha mwembe kilichoachwa chini ya chumba ni ghala la chakula. Ng'oa visiki na mizizi minene. Kama kuna kichuguu hai ndani ya eneo la msingi, kishughulikiwe kabla ya kuchimba. Utaratibu wake uko mbele kidogo.

Sasa kifusi. Kosa linaloua nyumba nyingi mpya za mjini kwetu limo humo. Msingi ukishapanda, mafundi hujaza moramu, na pamoja nayo huingia vipande vya mbao za kufungia zege, mifuko ya saruji, mabaki ya mirunda, hata boksi la chakula cha mchana. Kila kitu hushindiliwa, juu yake linamwagwa jamvi, yaani zege la sakafu, na hakuna atakayekiona tena isipokuwa mchwa. Simama pale siku ya kujaza. Fundi atakwambia, "Haina shida bosi, hivyo vitaoza." Havitaoza, vitaliwa, na vikiisha wataanza kupanda. Lipa vijana wawili waokote kila kipande. Vigingi vya kupimia navyo ving'olewe. Visikatwe juu juu na kuachwa ndani ya zege.

Baada ya kushindilia, na kabla ya kutandika nailoni, ndipo dawa ya udongo inapopigwa. Hapa kaa na kalamu. Kiwango kinachotumika kwa kawaida ni lita 4 hadi 5 za dawa iliyokwisha changanywa na maji kwa kila mita ya mraba ya kifusi. Kandokando ya msingi ni lita 5 kwa kila mita moja ya urefu, kwa kila sentimita 30 za kina cha mtaro. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 12. Eneo la ndani ni mita za mraba 120, ambazo kwa lita 5 zinakula lita 600. Mzunguko ni mita 44, kwa hiyo mtaro wa sentimita 30 unakula lita 220. Jumla ni lita 820.

Tuseme kopo ni la dawa iitwayo imidaklopridi, yenye gramu 200 kwa lita, na lebo inataka nguvu ya asilimia 0.05. Hapo kila lita ya maji inahitaji mililita 2.5 za dawa. Lita 820 zinahitaji lita 2 na kidogo za dawa ghafi. Bomba la mgongoni la lita 16 litajazwa zaidi ya mara 50. Kwa hiyo fundi akija na kachupa ka mililita 100, akazunguka na mabomba mawili na kusema amemaliza, unajua umepigwa kabla hajakunja mikono ya shati. Lebo ya kopo ulilonunua ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu kiasi, lakini hesabu ya lita kwa eneo ifanye mwenyewe.

Usipige siku yenye dalili ya mvua wala kwenye udongo uliolowa chapachapa. Dawa haitashika, itaondoka na maji. Ikishapigwa, udongo usichokonolewe tena. Tandika nailoni nzito, iingiliane vya kutosha kwenye maungio, na zege limwagwe siku hiyo au kesho yake. Mafundi bomba wawe wamekwisha pitisha mabomba yao kabla. Anayekuja kuchimba shimo la choo baada ya dawa amefungua mlango upya.

Sakafu iinuliwe. Kati ya ardhi ya nje iliyosawazishwa na sakafu kuwe na angalau sentimita 15 za msingi unaoonekana, na kwenye mteremko unaoshusha tope kila masika ningeenda 30 au zaidi. Ule ukanda wa msingi ulio wazi ndio kioo chako: mchwa akitaka kupanda, lazima ajenge kijia juu yake, nawe utakiona. Vihenge vya zamani vya Usukumani vilivyoinuliwa juu ya mawe vilifuata akili hiyo hiyo. Kwa stoo au banda la nguzo, weka kati ya msingi na nguzo kipande cha bati kinachotokeza sentimita 5 pande zote na kukunjwa kuelekea chini. Bati halimzuii mchwa kupita, linamtoa hadharani.

Upande wa mlimani, usiache udongo ukiegemea ukuta wa nyumba. Jenga ukuta wa kuzuia udongo ukiwa peke yake, acha uchochoro ambao mtu anaweza kupita, na chini yake weka mfereji wa maji. Ndiyo, unakula eneo. Hakuna matumizi bora zaidi ya eneo hilo.

Mbao nazo. Mpaini unaouzwa Mwanza, uwe umetoka Rubya kule Ukerewe, Buhindi upande wa Buchosa, au Sao Hill kule Mufindi, ni chakula laini kama haukutiwa dawa. Nunua uliotiwa dawa kwa shinikizo kiwandani. Uliopakwa juu juu kwa brashi umebadilishwa rangi tu. Ukikata ubao uliotiwa dawa, ile sehemu mpya iliyokatwa ipakwe dawa ya mbao, kwa sababu katikati dawa huwa haijafika. Vipande vya mbao zenye rangi ya kijani visichomwe jikoni wala visichome nyama: dawa nyingi za aina hiyo zina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Mninga, mvule na mkongo huhimili mchwa vizuri, lakini ni kwa sehemu ya kiini yenye rangi ya kukolea. Ile nyeupe ya pembeni huliwa kama mti mwingine wowote. Kwa milango ya nje, fremu za chuma zimewaokoa wengi.

Nyumba iliyokwisha simama

Anza na vitu visivyohitaji dawa, hata kama mchwa tayari wamo.

Ondoa mbao zote zinazogusa ukuta na ardhi kwa pamoja. Kuni zikae mbali na nyumba, juu ya mawe au vyuma. Mkaa wenyewe hawauli, gunia lake ndilo linaloliwa, na unyevu wa chini yake ndio unaowaita. Magunia ya nafaka yainuliwe juu ya chanja, na kati ya chanja na ukuta pabaki nafasi ya kupitisha mkono na tochi. Vitabu na vyeti viwe kwenye sanduku la bati au ndoo yenye kifuniko.

Kausha. Rekebisha bomba linalovuja, elekeza maji ya bafuni mbali na msingi, weka gata au angalau mfereji wa zege pale maji ya paa yanapodondokea. Mvua za ziwani hupiga kwa nguvu, na tone la paa lisilo na gata huchimba ardhi hadi msingi unabaki umelowa wiki nzima. Bustani ya maua iliyobanana na ukuta, yenye matandazo ya nyasi na kumwagiliwa kila jioni, ni kumkaribisha mchwa rasmi. Isogeze.

Chimba udongo uliopanda ukutani mpaka uone msingi tena. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa juu, kisha miaka ya kufagia, kumwaga kifusi na tope la mlimani vikaufukia msingi wote. Ziba nyufa na vitobo vya mabomba kwa saruji laini.

Baada ya hapo ndipo dawa. Nje, chimba mtaro kando ya msingi, upana sentimita 15 na kina 30, bila kwenda chini ya kitako cha msingi. Mimina lita 5 kwa kila mita ya urefu, rudisha udongo huku ukiuchanganya na dawa. Penye zege au vigae kuzunguka nyumba, na ndani kandokando ya kuta zilizoathirika, toboa kwa drili matundu ya milimita 12 hivi, kila sentimita 30, mpaka uguse udongo. Dawa isukumwe humo kwa shinikizo, kisha matundu yazibwe kwa saruji. Kazi hii ya kutoboa mpe mwenye vifaa na uzoefu. Nyaya na mabomba ya maji hupita humo humo.

Kama umechagua dawa isiyofukuza mchwa (makundi ya dawa yako sehemu inayofuata), vijia viache kwanza visibomolewe. Vibarua wapite, wajipake, warudi nayo kwao. Matokeo huonekana kwa wiki, si kwa usiku mmoja. Wakishakufa, kwangua vijia vyote, ili kipya kikitokea ujue ni kipya.

Fremu au kenchi iliyoliwa ibadilishwe, isipakwe lipu juu. Kenchi tupu ndani hungoja upepo mmoja tu wa kutoka ziwani.

Mpangaji hana mamlaka ya kutoboa sakafu. Piga picha, mtumie mwenye nyumba mapema, na uokoe vitu vyako kwa kuviinua.

Kuchagua dawa, na anayeipiga

Dawa za udongo ziko makundi mawili. Bifenthrini, saipamethrini na jamaa zake humfukuza mchwa: akinusa anageuka. Hizo hufaa zikipigwa ukanda usio na pengo, kwa sababu pengo moja dogo ndilo atakalopita. Imidaklopridi na fipronili hazinuki kwake. Anapita, anaambukiza wenzake, na kundi linadhoofika. Kwa nyumba ambayo mchwa tayari wamo, mimi naegemea kundi hili la pili.

Nunua kopo lililofungwa, lenye lebo inayosomeka na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, na lebo iseme wazi kuwa ni kwa ajili ya mchwa. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa uikatae, hata muuzaji akiwa shemeji yako. Kuna wazee bado wanaisifu ile "dawa kali ya zamani", aldrini na dieldrini. Ilikuwa kali kweli, na inabaki ardhini na mwilini kwa miaka mingi. Zote mbili ziliwekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ili ziondolewe duniani. Ukiuziwa kitu kwa jina hilo leo, ni cha magendo au ni bandia.

Usikubali mtu apulizie vyumba ukutani tu na kuita hiyo tiba ya mchwa. Anaua wale wachache uliowaona. Vidonge vya kuhifadhia nafaka vinavyotoa gesi visiingizwe kabisa kwenye nyumba wanayolala watu; gesi ile huua familia nzima usiku. Anayepiga dawa akueleze jina la kiini cha dawa, yaani kemikali yenyewe inayoua, achanganye mbele yako, na akuandikie lita alizotumia na muda atakaorudi kukagua. Anayekwepa swali la lita, mwache aende.

Siku ya kazi, watoto, kuku na mbwa watoke. Glavu, buti, miwani, barakoa. Hakuna kula wala kuvuta sigara, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Makopo matupu yaoshwe mara tatu, maji hayo yarudishwe kwenye mchanganyiko, kisha makopo yatobolewe yasije yakawa ya kuchotea maji.

Kisha kuna ziwa. Dawa karibu zote nilizotaja ni sumu kali kwa viumbe vya majini, na kiasi kidogo sana kinatosha kuua samaki na wadudu wanaoliwa na samaki. Mlimani dawa inayomiminwa kwenye mwamba wenye udongo kiduchu haizami. Inateremka kwa jirani, inaingia mtaroni, inafika Mto Mirongo, na Mirongo unamwaga ziwani. Usimimine dawa karibu na kisima, chemchemi, bwawa la samaki au ufuko. Kwenye viwanja vya namna hiyo tegemea fremu za chuma, mbao zilizotiwa dawa kiwandani, msingi ulio wazi, na ukaguzi.

Tiba za mtaani

Oili chafu ya magari kwenye nguzo za uzio humkawiza mchwa kwa muda, lakini inachafua udongo na maji, ndani ya nyumba inanuka, na moto ukitokea inausaidia. Mafuta ya taa huua waliopo na kuyeyuka. Chumvi na majivu huoshwa na mvua ya kwanza. Kwenye sakafu kavu ya stoo majivu yana faida moja, yanakuonyesha haraka kijia kipya. Majani ya mwarobaini yana uchungu wasioupenda, ila hayatalinda kenchi. Mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki ulioyeyushwa kwenye maji ni mzuri kwa mbao ghafi za ndani zisizonyeshewa, kwa sababu maji huutoa.

Kichuguu cha uani

Si kila kichuguu ni cha kuvunja. Kilicho mbali na nyumba, mwisho wa shamba, kinakupa kumbikumbi, uyoga na udongo mzuri wa kufyatulia tofali. Kiache. Kilicho karibu na msingi ndicho cha kushughulikiwa, na kukisawazisha kwa jembe hakusaidii. Wiki chache kitakuwa kimeota tena. Lazima umfikie malkia. Chimba kuelekea katikati na chini mpaka ukute chumba cha udongo mgumu kilichobanwa, yeye na mfalme wamo humo. Maji ya moto yakimwagwa juu yanapoa kabla hayajafika kwake. Chimba mchana, fimbo mkononi, maana nyoka hupenda vichuguu, hasa vile vyenye mashimo makubwa pembeni. Na kichuguu kilichotiwa dawa, waambie watoto na majirani: kumbikumbi wake na uyoga wake haviliwi tena. Hali kadhalika kumbikumbi wanaotoka kwenye ukuta uliopigwa dawa.

Lini ukague

Mwezi Septemba, kabla ya vuli, fanya ukaguzi kamili na usafishe mifereji. Kuanzia Oktoba hadi Desemba angalia mabawa chini ya madirisha kila baada ya mvua kubwa. Masika yakiisha, mwezi Juni, rudia nje na uondoe tope lililoteremka ukutani. Miezi ya kiangazi nayo isikulaze, kwani nyasi zikishakauka na kuisha huko nje, fremu yenye unyevu inakuwa chakula cha karibu.

Kwa nyumba iliyopigwa dawa, kagua baada ya wiki mbili, baada ya mwezi, kisha fuata ratiba hii. Tarehe na picha ziweke kwenye simu, pamoja na jina la dawa na lita zilizotumika, maana fundi atakayekuja baada ya miaka mitano atauliza, na pengine hatakuwa yule yule.